Kwa nini 60 na si 40: jinsi ya kueleza rekebisho la hitilafu ya muda kwenye draiva

Rekebisho la hitilafu ya muda mara nyingi ni mstari mmoja. Palipokuwa na `udelay(40)`, yaani subiri mikrosekunde 40, sasa pana `udelay(60)`, skrini iliyokuwa ikimeza herufi inaandika vizuri, na kazi inaonekana imekwisha. Lakini mkaguzi wa msimbo akiutazama mstari huo hana namna ya kujua kama 60 inatosha, kama imezidi, au kama imelifunika tu tatizo ambalo litaibuka tena bodi ikibadilishwa. Mwaka ujao atakuja mtu wa kuharakisha draiva (programu inayoendesha kifaa), atakuta namba isiyo na asili, ataipunguza, na hitilafu itarudi palepale.

Mwongozo huu unahusu kazi inayobaki baada ya mstari kurekebishwa: kukusanya sababu na kuziandika ili mtu asiyekuwa na bodi yako mkononi aweze kuzihakiki kwa kalamu na karatasi. Mifano imetoka kwenye kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya Linux, ila hoja zenyewe zinafaa kwa draiva yoyote.

Mfano mkuu ni kontrola ya skrini za herufi HD44780 ya Hitachi, iliyounganishwa moja kwa moja na pini za prosesa. Dalili: herufi moja moja zinapotea, na baada ya amri ya kufuta skrini herufi ya kwanza haionekani. Wakati mwingine maandishi yote yanageuka takataka mpaka kifaa kiwashwe upya. Draiva inasubiri mikrosekunde 40 baada ya kila amri na milisekunde 1.6 baada ya kufuta. Bodi nyingi ziko sawa. Chache haziko sawa, na zile chache ni zilezile kila siku.

## Hatua ya 1: Taja ncha mbili za muda

Kila muda wa kusubiri una mwanzo na mwisho. "Subiri kidogo baada ya amri" haina hata kimoja. Andika hivi: kuanzia tukio gani hadi tukio gani.

Kwa HD44780, kontrola huchukua data kwenye ukingo wa kushuka wa laini ya E, pini inayoiambia isome data. Hapo ndipo utekelezaji wa amri unapoanza, kwa hiyo hapo ndipo saa yako inapoanza. Mwisho ni mpigo wa E wa amri inayofuata. Ukitumia biti 4, yaani laini nne za data badala ya nane, amri moja hupelekwa kwa mipigo miwili ya E, na kinachoanzisha utekelezaji ni ukingo wa kushuka wa mpigo wa pili.

Sasa fungua msimbo utafute `udelay` iko wapi hasa. Kuna draiva zinazosubiri kabla ya kushusha E, zikidhani zimeshasubiri utekelezaji. Hapo namba inaweza kuwa sahihi kabisa na bado kifaa kikakosea, kwa sababu kinachosubiriwa ni upana wa mpigo. Upana huo mahitaji yake ni madogo mno: nanosekunde 230 kwa umeme wa volti 4.5 hadi 5.5, na 450 kwa volti zilizo chini ya hapo.

Usiruke hatua hii hata kama jibu linaonekana wazi. Hitilafu nyingi za muda zina namba nzuri iliyohesabiwa kutoka mahali pabaya, na ukianza kwa kubadilisha namba hutaligundua hilo kamwe.

## Hatua ya 2: Ifuate namba hadi chanzo chake

Datashiti ya HD44780, waraka wa mtengenezaji wenye sifa za kifaa, inasema amri za kawaida huchukua mikrosekunde 37 na amri ya kurudi mwanzo wa skrini huchukua milisekunde 1.52, muda ambao hutumiwa pia kwa amri ya kufuta. Aliyeandika draiva aliona 37, akazungusha hadi 40, akaridhika. Alichokiacha ni sharti lililo juu ya safu ileile ya jedwali: namba hizo ni za osileta (saa ya kontrola yenyewe) inayokimbia kwa kilohezi 270. Datashiti inatoa hata mfano wake: kwa kilohezi 250, hesabu ni 37 × 270 ÷ 250, yaani mikrosekunde 40.

Maana yake ni kwamba kontrola haihesabu mikrosekunde. Inahesabu mizunguko ya saa yake. Zidisha mikrosekunde 37 kwa kilohezi 270 upate mizunguko 10. Zidisha milisekunde 1.52 upate kama 410. Hiyo mizunguko 10 na 410 ndiyo sifa ya kudumu ya kifaa, na muda ni matokeo tu.

Swali linalofuata: osileta inaweza kushuka hadi wapi? Jedwali la sifa za umeme kwenye datashiti hiyohiyo linasema kwamba osileta ya ndani yenye kipingamizi cha kiloohm 91 kwenye volti 5 inaruhusiwa kuwa popote kati ya kilohezi 190 na 350, na 270 ni ya kawaida tu. Hesabu sasa:

| Osileta | Amri ya kawaida | Kufuta skrini |
|---|---|---|
| 350 kHz | 28.6 µs | 1.17 ms |
| 270 kHz | 37 µs | 1.52 ms |
| 250 kHz | 40 µs | 1.64 ms |
| 190 kHz | 52.6 µs | 2.16 ms |

Jedwali hili dogo ndilo kiini cha maelezo yako yote. Linaonyesha kwamba mikrosekunde 40 inatosha kwa osileta za kuanzia kilohezi 250 kwenda juu, na kwamba milisekunde 1.6 haifiki hata hapo: inakomea kama kilohezi 256. Bodi yenye osileta ya kilohezi 210 haina kasoro yoyote. Iko ndani ya mipaka aliyoiandika mtengenezaji. Mwenye kosa ni draiva. Sema hivyo waziwazi kwenye ujumbe wako wa komiti (maelezo yanayoambatana na badiliko la msimbo), kwa kuwa swali la kwanza la mkaguzi litakuwa kama hizo bodi chache ni mbovu.

Kumbuka pia kwamba kontrola nyingi zinazokubali amri za HD44780 si HD44780. KS0066U, kwa mfano, inataja mikrosekunde 39 na milisekunde 1.53 kwa kilohezi 270 hizohizo. Soma datashiti ya kilichomo kwenye bodi, kisha chukua namba kubwa kuliko zote miongoni mwa vifaa ambavyo draiva inadai kuvihudumia.

## Hatua ya 3: Eleza kwa nini msimbo wa zamani ulifanya kazi

Wengi huiacha hatua hii, na hapo ndipo maelezo ya kweli yanapotengana na ya kubahatisha. Kama sababu yako ni sahihi, lazima ieleze pia mafanikio ya zamani. Ikishindwa kueleza kwa nini bodi nyingi zilikuwa nzima, bado hujapata sababu.

Kwa mfano wetu yapo majibu matatu, na yote yanahakikika.

La kwanza, osileta nyingi ziko karibu na 270, na kwazo mikrosekunde 40 inatosha.

La pili, msimbo wenyewe unakula muda. Kati ya mwisho wa `udelay` na mpigo unaofuata wa E kuna kuita vitendakazi na kupanga laini za data. Kama hayo yanachukua mikrosekunde 3, kusubiri kwa kweli ni 43, na osileta ya kilohezi 235 inapita. Prosesa ikiwa ya kasi zaidi, au kikusanyaji (compiler) kikiboreshwa, zile 3 zinakuwa 1 na bodi iliyokuwa nzima inaanza kuumwa. Ndiyo maana hitilafu za namna hii huzuka baada ya badiliko lisilogusa draiva hata kidogo, na lawama inamwangukia asiyehusika.

La tatu ni moduli za I2C, njia ya mawasiliano ya waya mbili. Skrini nyingi huja zimebandikwa kipande chenye chipu ya PCF8574, ambacho kikomo chake ni kilohezi 100. Baiti moja na kiitikio chake ni biti 9, yaani mikrosekunde 90. Kabla laini ya E haijabadilika tena, mikrosekunde 90 zimeshapita bila draiva kusubiri chochote. Watumiaji wa moduli hizo hawawezi kuona herufi za kawaida zikipotea, hata draiva isubiri sifuri.

Hapa maelezo yanaanza kutabiri. Mikrosekunde 90 au 180 zinaokoa amri ya kawaida, lakini haziokoi amri ya kufuta: milisekunde 1.6 na 0.18 ni 1.78, na osileta ya kilohezi 190 inahitaji 2.16. Kwa hiyo kwenye moduli ya I2C yenye osileta ya polepole tunatazamia herufi zote ziwe nzima isipokuwa zinazofuata mara tu baada ya kufuta. Ukilipata hilo kwenye malalamiko ya watumiaji, sababu yako imethibitika kwa ushahidi ambao hukuupanga wewe.

Funga pia uhusiano wa sababu na sura ya dalili. Datashiti inataka uhakikishe kontrola haina shughuli kabla ya kuipelekea amri. Ikiwa na shughuli, mpigo unaweza kupotea. Kwenye biti 8, mpigo mmoja ni herufi moja, basi herufi moja inatoweka na maisha yanaendelea. Kwenye biti 4, mpigo mmoja ni nusu-baiti. Ikipotea nusu moja, kila nusu inayofuata inasomwa mahali pa mwenzake: 0x41 na 0x42 zilizotumwa kama 4, 1, 4, 2 zinasomwa kama 1 na 4, kisha 2 na inayofuata. Ndiyo ile takataka isiyoisha mpaka kifaa kianzishwe upya. Dalili mbili zilizoonekana kama magonjwa mawili zimetoka kwenye kosa moja.

Na lile jambo linalowachanganya wengi, kwamba ukiongeza `printk` hitilafu inatoweka, nalo liandike. Kuchapa ujumbe kunachukua muda, na muda huo ndio uliokosekana. Huo nao ni ushahidi.

## Hatua ya 4: Pima, kwa hali inayofaa

Unganisha lojiki analaiza (kifaa cha kurekodi ishara za kidijitali) kwenye E na kwenye D7, laini ya juu ya data. Sampuli milioni 24 kwa sekunde zinatosha, kwani mpigo wa nanosekunde 230 utaonekana kama sampuli 5 au 6. Pima kutoka ukingo wa kushuka wa E hadi kupanda kwa E kunakofuata. Hicho ndicho kipimo halisi cha kusubiri, pamoja na muda wa msimbo.

Ili kujua kontrola yenyewe inataka muda gani, soma bendera yake ya shughuli: RS (pini ya kuchagua amri au data) chini, RW (pini ya kuchagua kusoma au kuandika) juu, na wakati E iko juu D7 itabaki 1 mpaka amri iishe. Tahadhari hapa. RW ikiwa juu, kontrola ndiyo inayoendesha laini za data, na kwenye moduli ya volti 5 inaweka volti 5 kwenye pini za prosesa. Prosesa nyingi za volti 3.3 hazivumilii hilo. Weka kigeuza viwango katikati, au fanya kipimo hiki kwa bodi ya majaribio inayostahimili volti 5. Hiyo ndiyo sababu kwenye bodi nyingi RW imefungwa kwenye ardhi, na kwa hiyo draiva haina la kufanya ila kusubiri kwa kukadiria.

Ukipata, tuseme, mikrosekunde 49, gawa 10 kwa 49 upate kilohezi 204. Kufuta kunapaswa kuchukua 410 ÷ 204, kama milisekunde 2.01. Kupime. Vipimo viwili vikikubaliana, hesabu ya mizunguko imethibitika kwenye bodi hiyo.

Kisha punguza kusubiri hatua kwa hatua hadi kifaa kishindwe. Kizingiti kikiwa karibu na 49 ukitoa muda wa msimbo, sababu ni hiyo. Kikiwa mbali, mathalani kifaa kinashindwa hata kwa mikrosekunde 80, acha kuandika ujumbe urudi hatua ya 1.

Kuhusu hali ya majaribio, wengi hukosea upande. Kusubiri kufupi mno hujitokeza zaidi mashine ikiwa tulivu na prosesa ikiwa kwenye kasi yake ya juu. Ukiipa mashine mzigo mkubwa, draiva inanyang'anywa prosesa kila mara, mapengo yanarefuka, na hitilafu inajificha. Kinyume chake, hitilafu ya kikomo cha muda, tutakayoiona hatua ya 7, huhitaji mzigo ili ionekane. Andika umejaribu katika hali gani, maana "nimejaribu saa 10 bila tatizo" chini ya mzigo mkubwa haithibitishi chochote kuhusu kusubiri kufupi.

## Hatua ya 5: Tenga namba ya lazima na akiba

Kifaa kinataka mikrosekunde 52.6. Umeandika 60. Zile 7 zaidi ni za nini? Zieleze peke yake, la sivyo atakayekuja ataziona za mapambo.

`udelay` inaweza kurudi mapema kidogo. Maelezo ya kerneli yenyewe yanataja sababu: kipimo cha kasi ya kitanzi kilichohesabiwa chini ya uhalisia, tabia ya kache, na kasi ya prosesa kubadilika. Kwa hiyo akiba ya zaidi ya asilimia 10 juu ya 52.6 ina kazi. Kwa amri ya kufuta tunatumia `usleep_range(2200, 3000)`. Hii inategemea taima ya usahihi wa juu na hairudi kabla ya kiwango cha chini, kwa hiyo 2200 inatosha juu ya 2160. Akiba mbili tofauti kwa sababu vyombo viwili ni tofauti.

Uchaguzi wa chombo nao ueleze kwa sentensi moja. Chini ya mikrosekunde 10 hivi, `udelay`. Kati ya hapo na milisekunde 20, `usleep_range`, mradi uko mahali panaporuhusu kulala. Zaidi ya hapo, `msleep`. Ukiwa umeshika spinloki (kufuli ambalo wengine hulingoja kwa kuzungusha prosesa) au uko ndani ya intarapti (msimbo unaoitwa kifaa kinapokatiza prosesa), kulala hakuruhusiwi, na hiyo ndiyo sababu pekee inayokubalika ya kuzungusha prosesa kwa mikrosekunde 60. Usiandike `msleep(3)` kwa mahitaji ya milisekunde 2.16 bila kufikiri: kerneli yenye HZ (midundo ya saa yake kwa sekunde) ya 100 inaweza kukulaza hadi milisekunde 20, na skrini itaonekana inakokota.

Taja gharama. Skrini ya herufi 80 ilikuwa inajaa kwa 80 × 40, yaani milisekunde 3.2 za kusubiri. Sasa ni 4.8. Mkaguzi atalihesabu hilo hata usipolisema, na ukilisema anajua umelifikiria.

## Hatua ya 6: Kama namba ni sahihi lakini mwanzo umehama

Kuna aina ya hitilafu ambayo kuongeza namba huiponya kwa bahati tu. Kifaa kwenye PCI (njia inayounganisha prosesa na vifaa) kinataka rejista yake ya kuanzisha upya ikae 1 kwa mikrosekunde 10:

```c
writel(1, d->msingi + REJISTA_ANZA_UPYA);
udelay(10);
writel(0, d->msingi + REJISTA_ANZA_UPYA);
```

Inasomeka vizuri. Shida ni kwamba uandishi wa kumbukumbu kwenye PCI ni kama barua iliyotiwa posta: prosesa inaiacha na kuendelea na shughuli zake bila kungoja ifike. Saa ya `udelay` inaanza barua ikiwa bado kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya daraja la PCI. Barua zote mbili zinaweza kufika zikifuatana, na kifaa kikaona mpigo mfupi sana kuliko mikrosekunde 10.

Dawa ni kusoma kutoka kwenye kifaa hichohicho kabla ya kuanza kuhesabu:

```c
writel(1, d->msingi + REJISTA_ANZA_UPYA);
/* Kusoma kunalazimisha uandishi ufike. Muda unahesabiwa kuanzia hapa. */
readl(d->msingi + REJISTA_HALI);
udelay(10);
writel(0, d->msingi + REJISTA_ANZA_UPYA);
```

Kusoma hakuwezi kukamilika mpaka uandishi uliotangulia uwe umefika, na kerneli inahakikisha `readl` inakamilika kabla ya kitanzi cha kusubiri kuanza. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye waraka wake wa `memory-barriers.txt`, na unaweza kuitaja kwenye ujumbe.

Maelezo ya rekebisho hili yanahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu thamani iliyosomwa inatupwa. Bila ile nukta ya maelezo ndani ya msimbo, mtu wa kusafisha ataufuta mstari akidhani umesahaulika. Eleza pia kwa nini ulichagua rejista hiyo: isiwe na athari ikisomwa, kwani kuna rejista zinazofuta bendera za intarapti kwa kusomwa tu, na isiwe ndani ya sehemu inayoanzishwa upya. Kifaa kisichoweza kujibu kinaweza kurudisha 0xFFFFFFFF au kuikwamisha njia nzima. Na sema kwa nini hukuongeza 10: kifaa hakikutaka zaidi ya 10, kilitaka 10 zake kamili.

## Hatua ya 7: Kama kosa liko kwenye kikomo

EEPROM za jamii ya 24C, chipu za kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika, hazijibu kwenye I2C wakati zinaandika ndani. Nyingi hutaja milisekunde 5 kuwa upeo. Draiva huulizauliza mpaka chipu ijibu, ikipima muda kwa `jiffies`, kihesabu cha midundo ya saa ya kerneli:

```c
kikomo = jiffies + msecs_to_jiffies(25);
do {
        if (tayari(d))
                return 0;
        usleep_range(1000, 1500);
} while (time_before(jiffies, kikomo));
return -ETIMEDOUT;
```

Chipu inamaliza kwa milisekunde 5, kikomo ni 25, na bado mashine yenye mzigo inaleta makosa. Fuata saa kwa saa. Kwenye milisekunde 0 tunauliza, haijawa tayari. Tunalala. Mzigo unatukalisha nje hadi milisekunde 30. Tunaamka, tunatazama `jiffies`, kikomo kimepita, tunarudisha kosa. Tumeuliza mara moja tu, na chipu imekuwa tayari kwa milisekunde 25 bila mtu kuiuliza.

Kuongeza kikomo hadi 100 kutapunguza malalamiko bila kuondoa kosa. Rekebisho ni kuchukua saa kabla ya kuuliza, na kuamua kwa saa hiyo:

```c
do {
        saa_ya_swali = jiffies;
        if (tayari(d))
                return 0;
        usleep_range(1000, 1500);
} while (time_before(saa_ya_swali, kikomo));
```

Sasa hakuna kosa linalorudishwa ila kama swali la mwisho lenyewe liliulizwa baada ya kikomo kupita. Draiva ya `at24` ya kerneli hufanya hivi, na makro za `iopoll.h` kama `readl_poll_timeout` husoma mara moja zaidi muda ukiisha, kwa sababu hiyohiyo. Kwenye maelezo, orodha ya matukio na saa zake kama ile ya hapo juu ina nguvu kuliko aya tatu za nadharia. Iandike ilivyo.

## Hatua ya 8: Andika ujumbe

Mpangilio unaosomeka vizuri ni huu: anachoona mtumiaji, kifaa kinataka nini, msimbo ulifanya nini, kwa nini wengine hawakuathirika, kilichobadilika na gharama yake, namna kilivyopimwa. Mfano, wenye vipimo vya bodi ya kubuni:

```
hd44780: subiri kwa kadiri ya osileta ya polepole

Kwenye baadhi ya skrini zilizounganishwa moja kwa moja na pini,
herufi hupotea, na kwenye biti 4 maandishi huharibika mpaka kifaa
kianzishwe upya.

Draiva husubiri 40 us baada ya amri na 1.6 ms baada ya kufuta.
Datashiti inatoa 37 us na 1.52 ms kwa osileta ya 270 kHz, lakini
inaruhusu osileta kushuka hadi 190 kHz. Kwa mizunguko 10 na 410,
mahitaji yanakuwa 52.6 us na 2.16 ms.

Moduli za I2C hazipotezi herufi za kawaida kwa sababu baiti moja
kwa 100 kHz inachukua 90 us.

Ongeza hadi 60 us na 2.2 ms. Akiba juu ya 52.6 us ni kwa sababu
udelay inaweza kurudi mapema. Kujaza herufi 80 kunapanda kutoka
3.2 ms hadi 4.8 ms. Bendera ya shughuli haitumiki kwa kuwa RW
imefungwa kwenye ardhi.

Bodi yenye osileta ya 204 kHz (shughuli 49 us, kufuta 2.01 ms)
ilishindwa kwa 40 us, ikapita kwa 60 us, mashine ikiwa tulivu.
```

Chini yake weka mstari wa `Fixes:` wenye tarakimu 12 za kwanza za kitambulisho cha komiti iliyoleta namba ya zamani, na `Cc: stable@vger.kernel.org` kama matoleo ya zamani yanahitaji rekebisho.

Ndani ya msimbo, ipe namba jina lenye kipimo, kama `HD44780_AMRI_US`, na juu yake mstari mmoja: mizunguko 10 kwa 190 kHz, pamoja na akiba. Ujumbe wa komiti husomwa na anayechimba historia. Mstari huu husomwa na yule aliyeweka kidole tayari kubadilisha.

Kuna wakati datashiti haisemi kitu, au haipatikani, na namba imetokana na majaribio peke yake. Lisemwe hivyo bila kulifunika: bodi ngapi, matoleo yapi, ilishindwa kwa kiasi gani na ikaanza kupita kwa kiasi gani, na akiba uliyoongeza. Namba iliyopimwa na ikatajwa kuwa imepimwa inaweza kusahihishwa siku datashiti ikipatikana. Maneno kama "nimeongeza kwa usalama" au "sasa inafanya kazi" hayampi mkaguzi cha kuhakiki, yafute.

Mwisho, usichanganye rekebisho na usafishaji. Ukibadilisha majina ya vigezo, kupanga upya vitendakazi na kurekebisha muda kwenye komiti moja, anayelipeleka rekebisho kwenye toleo la zamani atagongana na mistari isiyomhusu. Komiti ya kwanza iwe na namba mbili na maelezo yake. Usafishaji ufuate nyuma yake.